Mpagazi Asiye na Jina: Fani ya Tovuti za Historia na Mfano wa Mwatate

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umetumia miaka mingi kujadili uhusiano wa fani na maudhui. Wapo waliovitenga viwili hivi kama chungu na kilichomo ndani yake, na wapo walioshikilia kwamba havitenganishiki, kwa kuwa namna jambo linavyosemwa ni sehemu ya jambo lenyewe. Mjadala huo umeendeshwa kwa kutegemea riwaya, tamthilia na ushairi. Haujafikishwa ipasavyo kwenye ukurasa wa tovuti, ingawa huko ndiko wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanakokutana leo na historia ya kwao. Ukurasa huo nao una muundo. Una msimulizi, japo aghalabu amejificha. Una wahusika wakuu na wahusika bapa. Na una lugha iliyoteuliwa na mtu fulani kwa sababu fulani. Kwa hiyo ni matini inayohakikika kama matini nyingine yoyote.

Makala haya yanachunguza misingi ya usanifu wa tovuti za historia kama inavyofundishwa, na kuipima kwa historia ya mahali pamoja, nayo ni Mwatate, katika Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba misingi hiyo, hata inapofuatwa kwa ustadi, huamua mapema ni nani atakayekuwa mhusika na ni nani atakayebaki kitu cha kutazamwa tu. Anayejifunza kupanga menyu, visanduku na maelezo ya picha anajifunza usimulizi, apende asipende. Hatari ni kujifunza usimulizi huo bila kujua kwamba ni usimulizi.

Mwatate kama matini ngumu

Mwatate ni mji wa njiapanda. Barabara itokayo Voi hugawanyika hapo: mkono mmoja unapanda milimani kuelekea Wundanyi, na mwingine unashika nyika kuelekea Bura, Maktau na Taveta, mpakani mwa Tanzania. Pembeni mwa mji kuna shamba kubwa la mkonge ambalo jina lake bado linaandikwa kwa tahajia ya zamani, Teita. Msafiri anayepita kwa gari haoni mengi ya kumfanya asimame.

Hata hivyo, mahali hapa pamebeba mambo mazito. Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi, ikapita Mwatate na kufika Maktau. Mwaka 1916, baada ya mapigano ya Salaita katika mwezi wa Februari na ya Latema na Reata katika mwezi wa Machi, reli hiyo ilivuka mpaka na kuungana na ya Wajerumani. Wakati wa vita hivyo watu wa Kasigau, walioshukiwa kuwasaidia Wajerumani, walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na wengi hawakurudi. Baada ya vita yalikuja masuala ya ardhi na mashamba ya walowezi, ambayo yalizaa Taita Hills Association, chama kilichopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940 sambamba na kile cha Wakikuyu na kile cha Wakamba.

Isitoshe, hata jina la jamii lina historia yake. Bill Bravman, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu jamii za Taita kati ya 1800 na 1950, ameonyesha kwamba watu wa milima hii walijitambua kwanza kwa ujirani na kwa ukoo, yaani kichuku, na kwamba utambulisho mmoja wa Utaita ulijengeka polepole ndani ya mazingira ya ukoloni. Jambo hili si dogo kwa msanifu wa tovuti. Menyu inayomtaka msomaji achague 'kabila' kabla ya jambo lingine lolote imekwisha kumaliza mjadala ambao mwanahistoria aliuandikia kitabu kizima.

Yanayofundishwa

Kitabu kilichotumiwa sana katika uwanja huu ni kile cha Daniel Cohen na Roy Rosenzweig cha mwaka 2005 kuhusu historia ya kidijitali, ambacho kimetenga sura nzima kwa ajili ya usanifu. Tangu hapo mafunzo yameenea hata nje ya vyuo vikuu, na kanuni zake kuu zinajulikana: mpangilio uwe wa namna moja katika kurasa zote, maandishi yasomeke kwa urahisi, kila picha iwe na maelezo yanayoweza kusomwa kwa sauti na mashine kwa ajili ya wasioona, ukurasa uwe mwepesi ili ufunguke hata kwenye simu ya bei nafuu, na msomaji akipate anachokitafuta kwa hatua chache. Hizi ni kanuni njema. Ile ya uzito wa ukurasa ina maana ya pekee mahali ambapo msomaji hununua data kidogo kidogo, na ajabu ni kwamba ndiyo inayovunjwa mara nyingi zaidi na tovuti zinazodai kumhudumia msomaji huyo.

Tatizo haliko katika kanuni zenyewe. Liko katika mifano inayotumiwa kuzifundisha. Mfano maarufu ni Valley of the Shadow, mradi ulioanzishwa na Edward Ayers katika Chuo Kikuu cha Virginia miaka ya 1990. Mradi huo uliweka mtandaoni barua, magazeti, shajara na hesabu za watu za wilaya mbili za Marekani, Augusta na Franklin, moja ya kusini na moja ya kaskazini, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Msomaji haelezwi kisa. Huachwa atembee mwenyewe katika ghala la nyaraka na kujiundia njia yake. Wahakiki wa wakati ule walioandika juu ya matini-viungo waliuona muundo wa namna hii kuwa ukombozi wa msomaji kutoka mikononi mwa mwandishi.

Ukombozi huo una sharti ambalo halikutajwa. Muundo wa Valley unategemea wingi wa karatasi kutoka pande zote mbili za vita. Augusta na Franklin zilikuwa na magazeti yao, makarani wao na familia zilizohifadhi barua zao. Mwatate ya mwaka 1915 haikuwa hivyo. Karatasi zilizoandikwa hapo ziliandikwa na maofisa, wamisionari na wahandisi wa reli. Ukiziweka zote mtandaoni na kumwachia msomaji ajitafutie njia, kila njia atakayoifuata itamfikisha kwa msimulizi yule yule. Uhuru wa msomaji unakuwa uhuru wa kuchagua ofisa gani amsikilize.

Kisanduku cha kutafutia

Hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni mojawapo ya kazi bora za aina yake. Ni safi, ni ya haraka, na mpangilio wake haumchanganyi mtu. Msomaji hukaribishwa na kisanduku ambamo anaombwa jina la ukoo, kisha jina la kwanza, namba ya utumishi, cheo, kikosi, nchi na tarehe ya kifo. Luteni Wilbur Dartnell, aliyezaliwa Melbourne, aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, akatunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, na kaburi lake liko Voi. Jamaa yake anayetaka kuliona kaburi hilo hana haja ya zaidi ya dakika moja.

Ichukuliwe sasa kwamba kijana wa Mwatate anamtafuta babu wa babu yake, ambaye kwa masimulizi ya nyumbani alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakuonekana tena. Kisanduku kinamtaka jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, nalo huenda halikuwapo. Kinamtaka kikosi, wapagazi walikuwa na kikosi chao, kile ambacho jina lake limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, lakini wengi wa waliokufa humo hawakuandikwa majina yao kwenye mnara wowote. Kinamtaka tarehe ya kifo, na familia inajua msimu tu. Kijana anabonyeza kitufe. Jibu ni kwamba hakuna kilichopatikana.

Jibu hilo linastahili kuhakikiwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya tovuti hiyo, kwa sababu ndilo tamko zito zaidi linalotolewa humo na linatolewa bila msemaji. 'Hakuna' inaweza kuwa na maana ya kwamba mtu huyo hakuwapo. Inaweza pia kuwa na maana ya kwamba alikuwapo, akafa, na mamlaka ikaamua kwamba jina lake halihitajiki. Historia hutofautisha mambo hayo mawili, kisanduku hakitofautishi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ama hawakuenziwa kwa majina ama hawakuenziwa kabisa. Tangu ripoti hiyo, Tume imekuwa ikitafuta majina katika kumbukumbu za Afrika Mashariki na kwingineko ili kuyaongeza. Hatua hiyo haina budi kupongezwa. Lakini kuongeza majina hakuugusi muundo, maana kwa yule ambaye jina lake halitapatikana kamwe, jibu litabaki lile lile.

Inafaa kukumbuka kwamba Tume hii iliundwa mwaka 1917 juu ya msingi ambao kwa hakika ni msingi wa usanifu: kila aliyekufa atajwe kwa jina, na mawe ya makaburi yawe ya namna moja bila kujali cheo, rangi wala dini. Usawa wa mawe uliheshimiwa pale tu mtu alipohesabiwa kuwa anastahili jiwe. Mgeni anayetembelea makaburi ya Voi, Maktau au Taveta huona safu zilizonyooka na kuguswa na haki inayoonekana humo. Asichokiona ni ubaguzi uliofanyika kabla ya jiwe la kwanza kuchongwa. Kanuni ya kufananisha kurasa zote za tovuti hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Huonyesha usawa wa walioingia na kuuficha mlango walioingilia.

Msanifu wa kisanduku hastahili kulaumiwa kama mtu mwenye hila. Alirithi safu zake kutoka kwenye madaftari ya karne iliyopita, na aliyeyaandika madaftari hayo alirithi dhana zake kutoka kwenye jeshi. Ndiyo maana uhakiki unahitajika: fani iliyorithiwa bila kuulizwa hubeba itikadi yake kimya kimya.

Mafuvu katika jedwali

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na si wengi katika Taita Taveta wanaoujua. Katika desturi ya zamani ya Wataita, maiti alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa kwenye pango au chini ya mwamba palipohifadhiwa mafuvu ya ukoo wake. Hapo marehemu aliketi pamoja na wazee wake, na walio hai walikwenda kwao wakati wa shida. Grace Harris, aliyeandika mwaka 1978 juu ya dini ya Wataita, amesaidia kueleza mahali pa wafu katika maisha ya jamii hiyo. Kwa lugha ya makala haya, pango lilikuwa ukurasa uliosanifiwa: lilikuwa na mpangilio, lilikuwa na wasomaji wake halali, na msingi wa mpangilio huo ulikuwa undugu.

Katika enzi ya ukoloni, baadhi ya mafuvu hayo yalitolewa na kupelekwa Cambridge. Mwaka 1931 Elisabeth Kitson aliyaandikia makala ya vipimo katika jarida la Biometrika. Baadaye William Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyapima tena pamoja na mengine ya pembe zote za dunia, akachapisha kitabu mwaka 1973, na hatimaye vipimo vyake vikawekwa kwenye intaneti ili mtafiti yeyote avipakue bila malipo. Mkusanyo mzima una mafuvu 2,524 ya makundi 28. Kundi mojawapo linaitwa Teita. Lina mafuvu 83, ambayo 33 yameandikwa kuwa ya wanaume na 50 ya wanawake.

Jedwali hilo ni rahisi kusoma. Kila fuvu lina mstari wake. Safu ya kwanza ni namba, inayofuata ni jinsia, kisha kundi, kisha vipimo kwa milimita, safu baada ya safu. Kwa kanuni zote za usanifu wa data, kazi hii ina alama za juu: ni wazi, ni nyepesi, hufunguka kwenye mashine yoyote, na hutumika. Imetumika mno. Programu zinazowasaidia wataalamu wa mifupa kukisia asili ya fuvu lisilojulikana huyatumia makundi ya Howells, na hivyo Teita wamekuwa kipimo cha kuwapimia wengine.

Hebu matini hii isomwe kama inavyosomwa hadithi. Nani anasimulia? Hakuna nafsi. Mandhari ni yapi? Hayapo, jina la mlima, la kijiji au la pango halimo. Wakati? Haupo. Hata jinsia, inayoonekana kuwa jambo la hakika kwa kuwa imeandikwa kwa herufi moja isiyo na shaka, ilikadiriwa kwa kutazama umbo la mfupa. Kadirio limevaa nguo za ukweli kwa sababu safu ya jedwali haina nafasi ya kuandikia 'huenda'. Jina pekee lililobaki ni Teita, nalo ni lile jina pana ambalo, kwa mujibu wa Bravman, lilikuwa bado linajengeka. Pangoni mtu alikuwa na ukoo bila kuhitaji kabila. Katika jedwali ana kabila bila ukoo.

Huenda ikasemwa kwamba jedwali la vipimo si historia, na kwamba ni kosa kulidai lisimulie. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Lakini msomaji wa Mwatate anayeandika neno Teita kwenye mtandao hakutani na matini zilizogawanywa kwa nidhamu za kitaaluma. Hukutana na vyote kwa pamoja: shamba la mkonge, vita, hoteli za watalii na mafuvu. Kwa msomaji huyo, jedwali hilo ni mojawapo ya kurasa zinazosimulia wazee wake, na ukimya wake ni sehemu ya simulizi.

Tamati ya utenzi

Wanaojifunza usanifu hufundishwa kana kwamba swali la kuipanga historia ili wengine waisome lilizuka pamoja na tarakilishi. Lugha ya Kiswahili ilikwisha kulijibu kwa namna yake. Wataita si watu wa tenzi, na hapa hakuna nia ya kuwavika kanzu isiyo yao. Ila ikiwa tovuti yao itaandikwa kwa Kiswahili, basi inafaa kutazama fani ambazo Kiswahili chenyewe kimezitumia kubebea historia.

Utenzi wa kihistoria huanza kwa kumtaja Mungu, na mara nyingi kwa kuagiza karatasi, wino na kalamu. Wasomaji wengi hupita sehemu hiyo haraka kwa kuiona mazoea. Kumbe humo mtunzi anaonyesha kwamba kisa hakikujileta chenyewe. Kuna mkono ulioandika na zana ulizotumia. Mwishoni hutaja jina lake, nasaba yake na pengine mji wake, hutaja mwaka, hutaja idadi ya beti ili atakayenakili asipunguze wala asizidishe, na huomba radhi kwa makosa, akimkaribisha ajuaye zaidi asahihishe. Mwana Kupona aliutaja mwaka wake, 1275 wa Hijria. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliandika juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima katika mwaka wa 1307, na hakujifanya kwamba anatazama kutoka mbinguni: msomaji anajua ni mtu wa upande gani anayesema.

Hiyo tamati ndiyo kitu kinachokosekana kabisa katika kurasa nyingi za historia. Sehemu ya chini ya ukurasa hujazwa alama ya hakimiliki, nembo za wafadhili na kiungo cha masharti. Jina la aliyeandika maelezo ya picha halimo. Mwaka wa kuandikwa haumo, au ni mwaka wa leo unaobadilishwa na mashine kila Januari, jambo ambalo mnakili wa Lamu au Pangani angeliona kuwa ughushi. Mwaliko wa kusahihisha, ukiwapo, ni fomu isiyo na mtu nyuma yake.

Haifai, hata hivyo, kuutukuza utenzi kupita kiasi. Mtunzi wake huwapendelea mashujaa wake. Wapagazi na watumwa hupita humo kama vumbi la msafara. Na mantiki ya vina huweza kumfukuza mtu mwenye jina lisilokubali mizani. Kinachochukuliwa hapa ni jambo moja tu: desturi ya msimulizi kujitaja na kukiri mpaka wa ujuzi wake. Desturi hiyo inaweza kuhamishwa bila beti hata moja.

Majengo yanayosimama tena

Wapo wanaojaribu njia nyingine. Museum of British Colonialism, kikundi kilichoanzishwa mwaka 2018 na watu wa Kenya na Uingereza, akiwamo Chao Tayiana Maina, ambaye pia ndiye mwanzilishi wa African Digital Heritage, kimeunda upya kwa picha za pande tatu kambi za kizuizini za miaka ya 1950 kama Aguthi na Mweru huko Nyeri, mahali ambapo leo pana shule. Kwa Taita Taveta, iliyokuwa na kambi ya Manyani, mfano huu uko karibu. Ubora wake ni kwamba unaanza na mahali na ushuhuda wa walioishi hapo, si na daftari la aliyewafunga. Mahali panapoulizwa kwanza, watu hurudi hata bila majina.

Hata hivyo, picha ya pande tatu ina ushawishi wake. Ukuta uliochorwa kwa ukamilifu humfanya mtazamaji asahau kwamba nusu yake imejengwa juu ya kumbukumbu na nusu juu ya makisio. Ni tatizo lile lile la herufi ya jinsia katika jedwali la Howells, ila sasa limevaa rangi na kivuli. Riwaya ya kihistoria imeishi na tatizo hili siku zote, na msomaji wake anajua kwamba anasoma riwaya. Mtazamaji wa ukuta hapewi onyo hilo isipokuwa msanifu ameamua kumpa, kwa mfano kwa kuacha sehemu isiyo na ushahidi ikiwa mistari mitupu.

Ukurasa wa Mwatate

Anayejifunza usanifu kwa nia ya kuiweka historia ya Mwatate mtandaoni hana haja ya kutupa kanuni alizofundishwa. Ana haja ya kuzipanga upya. Mlango wa kwanza uwe mahali, si jina la ukoo wala kabila: kituo cha reli, mto, pango, shamba. Kutoka mahali msomaji afike kwa watu, wenye majina na wasio na majina, kila mmoja na ukurasa wake. Mpagazi aliyekumbukwa na familia kama 'yule aliyechukuliwa wakati wa reli' apewe mstari ulio sawa na wa luteni, na chanzo cha habari hiyo kitajwe kwa heshima ile ile inayopewa barua ya ofisa, ikiwa familia imeridhia.

Tahajia nayo isipuuzwe. Taita, Teita na Dawida ni majina matatu yanayoelekea milima ile ile, na mashine isiyofundishwa kuyaunganisha itampa msomaji theluthi moja ya historia na kumwacha aamini kuwa amepata yote. Kazi hii haitaki fedha nyingi. Inataka mtu anayeijua lugha, na hapo ndipo idara za Kiswahili na za lugha za Kenya zina jukumu ambalo idara za tarakilishi haziwezi kulibeba peke yake. Vivyo hivyo maelezo ya picha kwa ajili ya wasioona: kuandika 'wapagazi wa Kiafrika' chini ya picha ya watu kumi na wawili, huku ofisa mmoja aliyesimama pembeni akitajwa kwa jina na cheo, ni kurudia maandishi ya mwaka 1916 kwa sauti ya mashine. Idadi yao, mizigo yao, nguo zao na anakotazama kila mmoja ni mambo yanayoonekana, na yanaandikika.

Kuhusu mafuvu, jambo gumu zaidi ni kama picha zake zionyeshwe au la. Mazoea ya mtandao ni kwamba kinachoweza kuonyeshwa kionyeshwe. Pango halikuwa hivyo. Lilikuwa na watu wa kuingia na watu wasioruhusiwa. Tovuti inaweza kusimulia kwamba mafuvu 83 yamo katika jedwali, ikaeleza yalivyohesabiwa na nani, na isionyeshe hata moja. Msomaji aliyezoea kubonyeza atahisi amenyimwa kitu. Na ajue kwamba amenyimwa, na ukurasa umweleze kwa nini.

Kubaki sehemu moja, nayo ni ile ya 'hakuna'. Ukurasa huo usiachiwe programu iuandike. Kijana atakapolitafuta jina la babu wa babu yake na kulikosa, asome kwa Kiswahili, na kwa Kidawida ikiwezekana, kwamba katika vita vile wapagazi wengi hawakuandikwa kwenye mnara wowote. Kwamba mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kwamba kukosekana kwa jina hapa si ushahidi wa kutokuwapo kwa mtu. Na kwamba kama nyumbani wanalijua jina, kuna mtu aliyetajwa hapo chini, pamoja na mwaka na mahali alipo, atakayelipokea na kuliandika.